Namna ya kuutambua mwaloni Quercus robur na kuuandikia maelezo: mwongozo kamili

Simama chini ya mwaloni wowote katika bustani ya mjini Uingereza, piga picha ya jani moja kwa simu, na programu itakutajia jina kabla hujashusha mkono: Quercus robur. Mara nyingi itakuwa imepatia. Lakini siku ikikosea hutajua, kwa sababu hukuona mwenyewe kilichoufanya mti ule uwe robur na si ndugu yake Quercus petraea. Mwongozo huu unakwenda kinyume: unatazama, unapima, unaandika, na jina linakuja mwisho. Nimewakusudia wanafunzi wa misitu na botania waliotoka kwetu kwenda kusoma Ulaya, pamoja na ndugu wanaoishi huko na kupita chini ya miti hii kila siku. Utaratibu wenyewe unafaa pia kwa mvule au msufi ukirudi nyumbani.

Nimechagua robur kwa sababu umeenea karibu Ulaya nzima, kutoka Ireland hadi milima ya Ural na Kaukazi, na kwa sababu ni mti unaotufundisha uvumilivu. Linnaeus, mwanabotania wa Uswidi, aliupa jina hilo mwaka 1753, akiwahesabu robur na petraea kuwa spishi moja. Petraea haikupewa hadhi ya spishi hadi mwaka 1784. Kwa hiyo ukibabaika mbele ya miti hii miwili, umebabaika mahali ambapo mabingwa nao walisimama.

Kwanza, hakikisha ni mwaloni

Jenasi Quercus ina spishi zaidi ya 400, na nyingi ziko Mexico na China. Barani Afrika mialoni ya asili inaishia kaskazini, hasa Morocco, Algeria na Tunisia. Kusini mwa Sahara hakuna hata mmoja wa asili. Uliopo ulipandwa, kama ile ya Stellenbosch, Afrika Kusini, iliyopandwa tangu enzi za walowezi wa Kiholanzi.

Hapa kuna mtego kwa msomaji wa Kenya na Tanzania. Mgrivea tunaoupanda kwenye mashamba ya chai na kahawa, Grevillea robusta, kwao Australia huitwa kwa Kiingereza aina ya mwaloni (silky oak) kwa sababu mbao zake zina marembo yanayokumbusha mbao za mwaloni. Hawana undugu. Mgrivea una majani yaliyochanika mithili ya vinyoya na maua ya rangi ya chungwa, na ni wa familia ya Proteaceae. Mwaloni ni wa familia ya Fagaceae.

Dalili ya kuamini kuliko zote ni tunda: kokwa moja laini lililokaa ndani ya kikombe kigumu chenye magamba. Kama hakuna matunda, tazama ncha ya kijitawi. Mwaloni una matumba kadhaa yaliyojikusanya pamoja kwenye ncha, si tumba moja pekee. Majani yake hupishana kwenye kijitawi, hayatoki mawili mawili yakikabiliana. Mwishoni mwa Aprili na Mei utaona pia nyuzi za maua ya kiume zikining'inia. Maua ya kike ni madogo mno na yako kwenye mti huohuo, na upepo ndio unaobeba chavua.

Wakati na vifaa

Nenda mwishoni mwa Agosti au Septemba. Majani yamekomaa, matunda bado yameshikwa na vikonyo vyake, na ubaridi haujaanza kukukimbiza. Ukienda Juni utapata majani bila matunda. Ukienda Novemba utakuta matunda chini bila kikonyo, na nusu ya ushahidi imepotea.

Beba rula yenye milimita, futi kamba ya fundi cherehani, lenzi ya mkononi inayokuza mara 10 au 20, bahasha za karatasi, daftari na penseli. Penseli, si kalamu: mvua ya huko haitoi taarifa, na wino hukimbia. Usitumie mifuko ya plastiki kwa majani utakayoyachelewesha, yatatoka jasho na kuoza.

Jambo la usalama kabla hujagusa shina. Tangu mwaka 2006 London na maeneo yanayoizunguka yana nondo aitwaye Thaumetopoea processionea, ambaye viwavi wake huishi juu ya mialoni na kutembea kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine. Vinyweleo vyao vinawasha ngozi na macho na vinaweza kusumbua pumzi. Ukiona viota vyeupe vya nyuzi kwenye shina au matawi, hasa Mei hadi Julai, kaa mbali, usiguse, na utoe taarifa kwa idara ya misitu kupitia huduma yao ya TreeAlert. Viota vya zamani navyo vina vinyweleo.

Kuchuma majani yanayofaa

Makosa mengi ya utambuzi yanaanzia hapa, kabla hata lenzi haijatoka mfukoni. Mwaloni mmoja unazaa majani ya sura nyingi, na mtu akichuma lililo karibu na mkono anaweza kuchuma lile lisilowakilisha mti.

Acha majani ya vichipukizi vinavyoota moja kwa moja kwenye shina au kisiki. Acha pia majani ya mchipuo wa pili. Mwaloni huchipua Aprili au Mei, kisha Julai hivi unaweza kuchipua tena, na majani hayo ya pili huwa na wekundu au kijani cha kung'aa, na umbo lake ni la ovyo. Mara nyingi yamepakwa unga mweupe. Huo ni ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu, wa familia moja na ule unaowatesa wakulima wa korosho Mtwara na Lindi.

Unachotaka ni majani ya mchipuo wa kwanza, kutoka tawi la nje linalopata jua, na yale ya katikati ya kijitawi badala ya la kwanza au la mwisho. Chukua kumi, kutoka pande mbili au tatu za mti. Chuma kijitawi kizima kimoja au viwili pia, vyenye matunda ikiwezekana, maana namna majani yalivyopangwa ni sehemu ya ushahidi. Majani yaliyoanguka yana faida kama mti uko peke yake uwanjani. Msituni jani lililo chini ya mti huu laweza kuwa la jirani.

Kwenye hifadhi na bustani za umma omba ruhusa kabla ya kukata chochote. Ukinyimwa, pima na upige picha jani likiwa mtini.

Kusoma jani

Anza na kikonyo cha jani, yaani kijiti kinacholiunganisha na tawi. Pima kutoka kinaposhika tawi hadi bapa la jani linapoanza. Kwa robur ni kifupi sana, kwa kawaida milimita 2 hadi 7, mpaka jani linaonekana kama limekaa moja kwa moja juu ya tawi. Kwa petraea ni kirefu, milimita 13 hadi 25 hivi, na unakiona bila kukitafuta. Pima majani yote kumi na uandike vipimo vyote, si wastani peke yake.

Kisha geuza jani, utazame kitako chake. Kwa robur ukingo wa jani hujikunja pale kwenye kikonyo na kufanya vijisikio viwili, kimoja kila upande. Tazama kwa mgongo wa jani, maana kwa mbele hujificha. Petraea haina vijisikio hivyo. Kitako chake huchongoka taratibu kuelekea kikonyo.

Sasa ukingo. Mialoni yote miwili ina matao ya mviringo pembeni, bila ncha kali. Hesabu matao ya upande mmoja: robur huwa na 3 hadi 6, hayalingani sana, na jani ni pana zaidi karibu na ncha. Petraea ina matao yaliyopangika vizuri zaidi na upana wake mkubwa uko karibu na katikati. Dalili hii ni dhaifu na ndiyo watu wanayoitegemea kupita kiasi. Nenda kwenye mishipa. Elekeza jani kwenye mwanga: kwa robur utaona baadhi ya mishipa ya pembeni ikienda kuishia kwenye mabonde yaliyo kati ya matao, si kwenye matao yenyewe tu. Kwa petraea mishipa ya namna hiyo ni michache au haipo.

Mwisho ni lenzi. Weka mgongo wa jani karibu kabisa na lenzi, pembeni mwa uti. Petraea ina vinyweleo vidogo vyenye umbo la nyota, kila kimoja na miale yake. Jani la robur lililokomaa ni kipara. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo kizuri kuliko vyote vya jani, kwa sababu umbo hubadilishwa na kivuli, umri na wadudu, lakini nyota zile hazitokei kwa bahati mbaya. Chukua muda. Mara ya kwanza hutaona chochote, kisha jicho litazoea.

Tunda na kikonyo chake

Tunda la robur linaning'inia. Kikonyo chake ni kirefu, sentimita 2 hadi 9, na kinaweza kubeba tunda moja au mawili matatu yaliyoachana. Tunda la petraea limekaa kwenye tawi lenyewe, au lina kikonyo kifupi kisichozidi sentimita 2 hivi, mara nyingi yakiwa yamesongamana. Kumbuka basi kwamba mambo yamepinduliwa: robur ina kikonyo kifupi cha jani na kirefu cha tunda, petraea ina kirefu cha jani na kifupi cha tunda. Anayeanza huyachanganya. Andika kwenye daftari kila mara "kikonyo cha jani" au "kikonyo cha tunda", usiandike "kikonyo" peke yake.

Toa kokwa bichi kwenye kikombe chake. La robur likiwa limeanguka karibuni lina mistari myeusimyeusi ya kijani inayoshuka kwa urefu. La petraea halina. Mistari hiyo hupotea likikauka, kwa hiyo itazame siku ileile. Tazama pia kikombe: magamba yake yamelala, yamebanana, bila manyoya yanayotokeza.

Usiyatafune matunda hayo mabichi. Yana tanini nyingi, na farasi na ng'ombe wakiyala kwa wingi hudhurika.

Mti unapokuwa katikati

Utafika kwenye mti wenye vijisikio lakini pia wenye nyota mgongoni mwa jani, na kikonyo cha tunda cha sentimita moja na nusu. Hujakosea. Robur na petraea huzaliana, na huluti lao linaitwa Quercus × rosacea. Ndiyo maana sipendi mtu aamue kwa dalili moja.

Fanya hivi. Andika dalili tano: kikonyo cha jani, vijisikio, mishipa ya mabondeni, nyota, kikonyo cha tunda. Mbele ya kila moja andika R, P au K, yaani robur, petraea au katikati. Zikiwa R tano au nne bila P hata moja, una robur. Ukipata mchanganyiko wa R na P, au K nyingi, andika kwamba ni huluti linalodhaniwa. Makazi yanasaidia kidogo: robur hupenda udongo mzito wenye rutuba wa mabondeni, petraea hutawala zaidi kwenye miinuko yenye udongo wenye asidi usiotuamisha maji, kama Wales na magharibi mwa Ireland. Lakini miti imepandwa na watu kwa karne nyingi, kwa hiyo udongo usiushinde ushahidi wa jani na tunda.

Mialoni mingine utakayokutana nayo

Quercus cerris, uliopelekwa Uingereza karne ya 18 kutoka kusini-mashariki mwa Ulaya, una nyuzi ndefu kama masharubu kuzunguka matumba, na kikombe cha tunda kimejaa manyoya magumu. Jani lake ukilipapasa ni kavu na lina mkwaruzo.

Quercus rubra wa Marekani una matao yenye ncha kali zinazoishia kwenye uzi mwembamba, na hugeuka mwekundu Oktoba. Matunda ya rubra na cerris huchukua misimu miwili kukomaa, ya robur msimu mmoja. Ukiona matunda madogo sana kwenye kijitawi cha mwaka huu na makubwa kwenye cha mwaka jana, huo si robur. Quercus ilex hubaki na majani mwaka mzima, na kwa mbali wengi hawaudhanii kuwa mwaloni.

Mti mzima

Rudi nyuma hatua thelathini uutazame. Robur uliokulia mahali wazi hugawanyika mapema kuwa matawi makubwa yaliyopindapinda, na mwavuli wake huwa mpana kuliko kimo. Petraea mara nyingi una shina lililonyooka linalopanda ndani kabisa ya mwavuli. Msituni tofauti hii hupotea, kwa sababu kila mti unakimbilia juu kutafuta mwanga. Gome la mti mchanga ni laini la kijivu; la mzee lina nyufa ndefu za wima.

Mzingo wa shina pima kwa futi kamba kwenye usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, na andika urefu huo wa kupimia kila mara, kwa kuwa wengine hutumia mita 1.5. Kwenye mteremko simama upande wa juu. Kama kuna nundu hapohapo, shuka chini kidogo na ueleze umeshuka kiasi gani.

Kimo kinapatikana kwa kijiti. Tafuta kijiti, ukishike wima kwa mkono ulionyooka, na sehemu iliyo juu ya ngumi iwe sawa na umbali kutoka jicho hadi ngumi. Rudi nyuma mpaka kijiti kiufunike mti kuanzia kitako hadi kilele. Umbali kutoka ulipo hadi shinani unakaribiana na kimo cha mti. Kwenye uwanja tambarare njia hii inatosha, mlimani inadanganya.

Umri ukadirie kwa tahadhari. Kanuni iliyoenezwa na Alan Mitchell, mtaalamu wa miti wa Uingereza, inasema mti uliokulia mahali wazi huongeza mzingo wa sentimita 2.5 hivi kwa mwaka, na wa msituni nusu ya hapo. Mzingo wa mita 3.5 uwanjani unakupa kama miaka 140. Kwa mikongwe sana kanuni hii inavunjika: hukua polepole mno na ndani ni mitupu, kwa hiyo hata kuhesabu pete haiwezekani. Ule maarufu wa msitu wa Sherwood, wenye mzingo unaokaribia mita 11, hukadiriwa kuwa na miaka 800 hadi 1,000 au zaidi, na upana huo wa makadirio ni uaminifu, si uzembe.

Wakazi wa mti kama ushahidi

Uingereza viumbe zaidi ya 2,300 vina uhusiano na mialoni, na baadhi yao hukusaidia kuutambua mti. Ukiona tunda limevimba na kuwa donge lenye matuta, la kijani kisha kahawia, hiyo ni kazi ya nyigu mdogo sana, Andricus quercuscalicis. Nyigu huyu ana vizazi viwili vinavyopokezana: kimoja hukulia kwenye matunda ya robur, kingine kwenye maua ya kiume ya cerris. Donge moja linakuambia, basi, kwamba mti ulio mbele yako yaelekea ni robur, na kwamba kuna cerris si mbali sana. Naona ni ushahidi wa kupendeza mno, na ni wachache wanaouandika.

Kuandika maelezo

Andika ukiwa bado chini ya mti. Fuata mpangilio mmoja kila mara: mti mzima, gome, vitawi na matumba, majani, maua, matunda, makazi. Tumia vipimo badala ya "kubwa" na "ndogo", na andika pia ulichokitafuta ukakikosa. "Vinyweleo havikuonekana kwa lenzi ya mara 20" ni taarifa. Kukaa kimya si taarifa. Mfano wa namna maelezo yanavyosomeka:

*Mti wa kupukutisha majani, kimo takriban mita 18, uko peke yake kwenye malisho. Mzingo mita 3.5 kwenye mita 1.3. Shina linagawanyika mita 3 kutoka ardhini. Gome kijivu, nyufa za wima. Matumba ya kahawia, yamekusanyika kwenye ncha, bila nyuzi. Majani (10 yamepimwa) sentimita 8–12, vikonyo vya majani milimita 3–6. Vijisikio viko kwa yote. Matao 4–5 kila upande. Mishipa ya mabondeni ipo. Mgongo hauna vinyweleo kwa lenzi ya mara 20. Maua hayakuonekana (Septemba). Matunda 1–2 kwa kikonyo cha sentimita 4–6. Kokwa bichi lina mistari. Magamba ya kikombe yamelala. Matunda kadhaa yana madonge ya nyigu. Udongo wa mfinyanzi, unyevu.*

Mtu aliye Morogoro au Nairobi akisoma hayo anaweza kukubaliana nawe au kukupinga bila kuuona mti. Maelezo mazuri ndiyo yanayompa mwenzako nafasi hiyo ya kukupinga.

Sampuli, lebo na jina

Laza kijitawi chenye majani na matunda kati ya magazeti, geuza jani moja mgongo juu, bana kwa mbao na uzito, ubadilishe magazeti kila siku mpaka vikauke. Matunda makubwa yaweke kwenye bahasha yenye nambari ileile ya sampuli.

Kwenye lebo weka jina lako, nambari yako ya ukusanyaji, tarehe, mahali kwa maneno na kwa GPS, mwinuko kutoka usawa wa bahari, makazi, na yote yatakayopotea mti ukikauka: kimo, rangi, mistari ya kokwa. Ndivyo sampuli zinavyotunzwa Kew, bustani ya mimea ya London, na ndivyo zinavyotunzwa kwenye Hebaria ya Afrika Mashariki, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, pale Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi.

Jina sasa. Dalili zikikubaliana, andika *Quercus robur* L., kwa herufi za mlalo isipokuwa L., inayomwakilisha Linnaeus. Zikiwa zimechanganyika, andika *Quercus × rosacea*. Ukiwa na majani pekee yanayoelekea robur lakini hukupata tunda, andika *Quercus* cf. *robur*, yaani "linganisha na robur", na pembeni yake andika mwezi wa kurudi: Septemba.